Akaunti ya Tatu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, shika haya tu. Kaka yangu Ramazani alikufa kwenye barabara ya Luberizi akileta mchele. Aliacha mjane, wifi yangu Mwanvita, na mtoto mmoja, Maisara, mwenye tundu kwenye moyo. Tunaishi sote watatu hapa Cimpunda, nyumba moja, jiko moja.

Mimi Rahima ni sekretari wa shirika dogo la hapa Bukavu linalowatafutia watoto wa namna hiyo nafasi ya kupasuliwa ng'ambo. Dossier ya Maisara, faili la maombi yake, niliiandaa kwa mikono yangu. Kisha mji ukaingiliwa na watu wenye bunduki, uwanja wa ndege ukafungwa, wenzangu wengi wakakimbia, na madaktari wa ng'ambo wakanyamaza.

Hapo ndipo niliachia. Madaktari wamenyamaza.

Hawakunyamaza. Leo nawaeleza.

Kila jioni nikirudi, Mwanvita alinipokea mlangoni na swali lile lile.

"Wamejibu?"

"Bado, wifi."

"Pengine message imepotea njiani."

"Message haipoteaka njiani. Wakijibu, nitaona."

Nilisema kwa uhakika, na yeye aliniamini, kwa sababu kompyuta ni kazi yangu.

Fundi wetu, Fikiri, kabla ya kukimbilia Bujumbura, aliniwekea akaunti zote za barua pepe kwenye programu moja. Akaunti ya kwanza ni ya bureau, ofisi yetu. Hiyo sanduku lake liko ndani ya mashine ya ukumbini kwetu, na kila mfanyakazi anaisoma. Hata internet ikikatika, sisi kwa sisi tunaandikiana. Ya pili ni yangu binafsi. Ya tatu ni ya madaktari, na hiyo inakaa mbali, kwenye mashine za Ulaya. Fikiri alizipanga zote tatu zimwagike kwenye sanduku moja, nisihangaike kufungua hapa na pale.

Urahisi huo ndio ulionimaliza. Sanduku lilijaa kila siku. Papa Grégoire, mkurugenzi wetu, anaita mkutano. Mama fulani anauliza dawa. Binamu yangu wa Uvira anatuma picha za harusi. Vitu viliingia, nikaamini vyote vinaingia.

Asubuhi moja courant, umeme, ilikatika, na mashine ya ukumbini ikagoma kuamka. Akaunti ya bureau ikakwama. Nikafungua ukurasa wa mipangilio nione shida iko wapi, na pale kushoto, panapoandikwa majina ya akaunti, nikaona mbili tu.

Nikampigia Fikiri.

"Fikiri, akaunti ya madaktari siioni."

"Angalia chini ya ile yako, dada Rahima."

"Kuko ya bureau na yangu. Basi."

"Dada, akaunti haijifutaka yenyewe. Courant inaweza kuua machine, lakini haiwezi kuchagua akaunti moja na kuacha zingine. Ni mutu aliiondoa."

"Kwa hiyo message zote zimekufa?"

"Hapana. Ile ni ya mbali. Kwako waliondoa mulango tu, message zenyewe ziko kule kwenye server. Ingiza akaunti tena na mot de passe. Zitakuja."

Alinitajia neno la siri. Nikaliandika, nikabonyeza, nikashika kikombe cha chai ili mikono yangu ipate kazi.

Zikaja.

Ya kwanza: nafasi ya Maisara imepatikana, tunaomba muithibitishe. Ya pili: tunawakumbusha, hatujapata jibu. Ya tatu: asante Bwana Grégoire kwa kuthibitisha, tunamngoja Maisara na mama yake wiki ijayo, watapitia Kigali.

Wiki ijayo! Sikufikiri. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza leo. Mtu mwenye akili angejiuliza nani aliifuta ile akaunti. Mimi nilimpigia Mwanvita.

"Wifi! Wamejibu! Mnaenda!"

Sijawahi kusikia mtu akilia vile kwa furaha. Nilisikia jirani yetu Eulalie akipiga vigelegele, na sauti ya Maisara ikiuliza, "Mama, kuko nini? Juu ya nini munalia?"

"Funga mizigo," nikasema.

Kisha nikapanda kwa Papa Grégoire kumshukuru.

"Papa directeur, Mungu akubariki. Kumbe ulithibitisha nafasi ya Maisara na hukuniambia!"

Hakutabasamu. Aliinuka, akafunga mlango, akabaki amesimama na mkono kwenye kitasa.

"Nani alikuonyesha ile message?"

"Imeingia kwangu. Nimerudisha akaunti."

"Rahima." Akakaa. "Ile akaunti njo mimi niliiondoa kwenye machine yako. Siku ile ulienda matanga, kabla hujaona message yao ya kwanza."

"Juu ya nini?"

"Sikutaka uone. Haiko Maisara njo atasafiri."

Nilicheka. Naapa nilicheka, maana sikuelewa.

"Papa, wameandika jina lake."

"Jina lake, ndiyo. Mutoto ni mwingine."

Akanieleza huku akitazama meza. Watu walikuja nyumbani kwake na bunduki zao, wakakaa kwenye viti vyake vya sebuleni. Mkubwa wao ana binti, moyo unamsumbua. Hawakutaka kusubiri foleni. Walitaka dossier iliyokwisha kukubaliwa, jina libaki lile lile, picha tu ibadilishwe iwe ya binti huyo.

"Wakasema, toa moja."

"Ukatoa ya Maisara."

"Ilikuwa ya juu. Ilikuwa imekubaliwa."

"Ulijua ni mutoto wetu!"

"Nilijua. Na zile za chini zilikuwa za watoto wa nani? Hazikuwa za watoto wa watu?"

Nikakaa kwenye kiti cha wageni.

"Muke wangu alikuwa mulangoni mwa cuisine, ameshika masahani," akasema. "Mumoja wao alimuangalia tu. Hakusema kitu. Alimuangalia. Tu m'entends, unanisikia, Rahima? Wewe ungefanya nini?"

Nilimwangalia mzee huyu aliyeniajiri wakati hakuna aliyetaka kuniajiri. Shingo yake ilikuwa imekonda ndani ya kola.

"Mutoto wao naye anagonjwa," akaongeza. "Kama wetu tu. Usiwaze kama ni muchezo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Nilimkuta Maisara amevaa sweta zito la Eulalie, mikono inamfunika vidole, anatokwa jasho, anakataa kulivua. Begi lilikuwa mlangoni. Mwanvita alikuwa ameshona kifungo cha mwisho cha gauni lake la safari.

"Tunatoka siku gani?" akauliza.

Mdomo wangu ukasema, "Wamesema tungoje kidogo. Kuko karatasi moja imebaki."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akalichukua begi, akalirudisha uvunguni mwa kitanda.

Kesho yake niliwahi bureau kabla ya wote. Courant bado ilikuwa haijarudi, nikatumia nguvu iliyobaki kwenye kompyuta na internet ya simu. Nikamwandikia daktari. *Mtoto anayekuja kwenu si Maisara. Maisara yuko hapa Cimpunda na mama yake. Mimi ni shangazi yake.* Nikaandika yote, pamoja na jina langu na njia ya kufika kwetu, kama mtu anayeita watu waje kuzima moto.

Nikabonyeza kutuma.

Ndipo nikaona mstari wa juu, panapoonyesha barua inatoka kwa nani. Nilidhani naandika kwa akaunti yangu. Programu ilikuwa imechukua ile ya kwanza. Ya bureau. Ile ambayo kila mtu anaisoma, na inayobeba jina la shirika la Papa Grégoire.

Lakini mashine ya ukumbini ilikuwa imelala. Message haikutoka. Ilikaa kwenye zile zinazosubiri, pale pale mbele ya macho yangu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa sitajificha. Ningeweza kuifuta. Ningeweza kubadilisha akaunti, nikaituma kwa jina langu peke yangu, nikabeba mzigo wangu. Kidole kilikuwa tayari. Nikamuwaza mke wa Papa Grégoire na masahani yake. Kisha nikamuwaza Maisara ndani ya sweta, anatokwa jasho. Nikajiambia, jina langu peke yake daktari hatalisikia, mimi ni nani? Jina la bureau atalisikia.

Taa ikawaka. Mashine ya ukumbini ikaanza kuunguruma. Message ikatoka kwenye foleni ikaenda.

Sisemi ni courant iliyoamua. Nilikuwa na muda, na sikufuta.

Papa Grégoire aliisoma alipoingia tu. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu, miwani mkononi.

"Ulituma kwa jina la bureau."

"Papa…"

"Umetuua."

Hakupiga kelele. Alichukua koti lake, akaenda kumchukua mke wake. Tangu hapo simu yake imezimwa. Wengine wanasema ameonekana akielekea Kalehe, wengine wanasema amevuka mpaka. Mimi sijui, na sina ujasiri wa kuuliza.

Jibu la daktari liliingia kwenye akaunti ya tatu mchana ule ule. Lilikuwa la heshima na fupi. Amepata maneno mawili yanayopingana kutoka bureau moja, hajui aamini lipi. Kwa hiyo ameituma message yangu kwa mama wa mtoto, kwenye anwani aliyopewa, ili yeye mwenyewe aeleze. Mama asipojibu kufikia kesho, nafasi itapewa mtoto wa nchi nyingine.

Nilisoma tena pale pa anwani aliyopewa.

Haikuwa ya Mwanvita. Ilikuwa ya watu wale. Message yenye jina langu, na njia ya kufika nyumbani kwetu, ilikuwa mikononi mwao.

Sijui nilifikaje nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza, maji yanateremka kwenye ngazi za udongo na kubeba kila kitu. Nilimkuta Mwanvita anachagua maharage, Maisara amelala.

"Wifi, tuondoke. Twende kwa Eulalie. Twende sasa hivi."

"Juu ya nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukagongwa.

Haikuwa ngumi ya mwanajeshi. Ilikuwa mkono wa mwanamke. Nilifungua, nikamwona mama mmoja kijana, amelowa, kitambaa kimemzunguka kichwa mpaka shingoni, mtoto mgongoni chini ya plastiki. Nilichungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Hapa ni kwa Rahima wa bureau?"

"Ni mimi."

"Naitwa Charlène. Niko peke yangu. Nipe ruhusa niingie, mutoto analowana."

Mwanvita, ambaye hajui kumwacha mtu mvuani, alisema, "Ingia, maman." Akamsogezea mkeka.

Charlène alimfungua mtoto, akamkalisha. Kasichana kanene, macho makubwa, kanatazama maharage.

"Huyu ni Sagesse," akasema. "Lakini kwenye karatasi amepewa jina lingine."

"Lipi?" Mwanvita akauliza.

Charlène akatoa karatasi ya safari ndani ya nguo yake, akaiweka mkekani. Mwanvita aliifungua. Picha ilikuwa ya mtoto aliyekaa mbele yake. Jina lilikuwa la mtoto aliyelala nyuma ya pazia.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, wifi."

"Siku ile uliniambia karatasi moja imebaki?"

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisogea tu, ili goti lake lisiguse langu.

"Mume wangu iko Kalehe," Charlène akasema kwa haraka. "Anarudi kesho. Akirudi anachukuaka simu yangu anaangalia kila kitu. Message ya daktari niliisoma mimi wa kwanza. Yeye hajaiona."

"Na umekuja kufanya nini hapa?" nikasema. "Kutuomba tunyamaze? Mutoto wetu afe ili wako apone?"

Mwanvita alikuwa amenyoosha mikono.

"Nipe huyo mutoto."

Akampakata Sagesse, akainua blauzi yake, akalaza sikio kifuani. Hivyo ndivyo anavyomfanyia Maisara kila alfajiri kabla ya kusali, na hakuna daktari aliyemfundisha. Alisikiliza mbele. Akamgeuza, akasikiliza mgongoni. Mvua ilipiga mabati, na yeye akaziba sikio la pili kwa kiganja.

Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyu mutoto hana kitu."

"Maman…" Charlène akaanza.

"Hana kitu! Tangu Maisara azaliwe nasikia moyo mugonjwa. Ule moyo unavuja, unapiga na kuvuta kama mutu anayekanyaga matope. Huyu wa kwako unapiga vizuri. Nani alikwambia anagonjwa?"

Charlène akainamisha kichwa.

"Hakuna mutu aliniambia. Mimi njo nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Baba yake. Nilimufundisha mutoto kukohoa, nilimwambia akae chini akicheza. Baba yake anamupenda sana, hata yeye. Nikamwambia kuko bureau inapelekaka watoto Ulaya na mama zao. Hakuna njia ingine angeniacha nivuke mpaka."

Akafungua kitambaa. Chini ya sikio, mpaka mwanzo wa bega, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, na ncha ya pasi ilionekana waziwazi, kama imechorwa.

"Hii ni ya siku sikupokea simu yake," akasema. "Ingine siwezi kuonyesha mbele ya watoto."

Nilikuwa nimekuja na hasira nyingi, nikatafuta pa kuiweka, sikupaona.

"Nikifika kule nitasema ukweli wote," Charlène akaendelea. "Nitawaambia madaktari, mutoto mugonjwa iko Bukavu, mumuchukue nyuma."

"Nyuma ni lini?" Mwanvita akauliza.

"Sijui, maman."

"Miguu ya Maisara imeanza kuvimba."

"Sijui, maman. Sitakudanganya. Lakini nikibaki, kesho akisoma ile message…" Alimtazama Sagesse, hakumaliza.

Akatoa simu, akaiweka mkekani juu ya ile karatasi ya safari. Barua ya daktari ilikuwa wazi. Chini yake palikuwa patupu, panangoja jibu la mama.

"Wananingoja mimi nijibu. Nilijaribu mara nyingi. Sikuweza kuandika peke yangu kabla sijaona uso wa mwenye jina."

Pazia likasogea. Maisara alitoka amelivaa sweta, akihema kwa hatua zile chache za kutoka kitandani. Akamwona mgeni wa rika lake, akakaa karibu naye, akaanza kumgawia maharage, moja kwako, moja kwangu.

Mwanvita aliwatazama watoto. Kisha akaichukua simu.

Tangu ndugu yangu afe, wifi yangu hajawahi kuandika barua yoyote bila mimi. Alisoma mpaka sekondari, Kifaransa anakijua, lakini husema mkono wake umezeeka. Siku hiyo aliandika kwa kidole kimoja, polepole, midomo ikitamka herufi bila sauti.

"Wifi, uko unaandika nini? Nipe nikusaidie."

"Wewe umeshaandika ya kwako."

Aliandika, akafuta neno, akaandika tena. Akabonyeza. Simu ikatoa ule mlio mdogo wa kitu kilichoondoka.

Akamrudishia Charlène.

Charlène alisoma. Mkono ulimpanda mdomoni. Alisoma mara ya pili, akamtazama Maisara, akamtazama Mwanvita.

"Maman," akasema kwa sauti ya chini, "unajua umefanya nini?"

"Najua," akajibu Mwanvita. "Nimewaandikia mugonjwa ni Maisara, na wewe na Sagesse munakimbia; tunavuka sote." Kwa mara ya kwanza tangu aione ile karatasi aligeuka kwangu. "Rahima, funga mulango na funguo. Halafu toa lile begi uvunguni."